Ng'ombe Aliyeshika Sabato

Nilipoolewa Suna Magharibi kule Migori, upande wa Masara, nilikuta nyumbani mama mkwe mmoja na ng'ombe mmoja, na haikunichukua wiki kujua kwamba kwa cheo ng'ombe alikuwa mbele yangu. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kisegi, akirudi mwisho wa mwezi na samaki wakavu na madaftari ya kusahihisha. Siku nyingine zote tulikuwa watatu: mama mkwe, mimi, na yule ng'ombe wa maziwa, mweusi mwenye mabaka meupe, aliyefungiwa ndani ya zizi la mabati akiletewa kila kitu mdomoni kama mzazi aliyetoka hospitali.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikupewa jembe, nilipewa ndoo. Mama mkwe alinifundisha mwenyewe, ingawa nilikuwa nimekama tangu utotoni kwetu Kosele. Osha kiwele kwa maji ya vuguvugu, kausha, paka chuchu mafuta, kisha kamua bila kuvuta, mkono ubane kutoka juu kwenda chini kidole baada ya kidole. Aliniangalia asubuhi tatu, ya nne hakuja. Kwa mama yule, kutokuja kukuangalia ndiyo sifa pekee aliyojua kuitoa, na siku hiyo nilitembea kichwa juu kama niliyepewa cheti.

Maziwa yetu yalikwenda kwa mama mmoja mwenye hoteli ya chai sokoni Masara. Wateja wake ni wachimbaji wa dhahabu, watu wanaotoka mashimoni na vumbi hadi kwenye kope, na hawataki kusikia habari za chai nyepesi. Nilipopita na mtungi walinijua. Waliniita nyar Kosele, binti wa Kosele, maana kwa Wajaluo mke huitwa kwa alikotoka, apende asipende, mpaka azeeke. Nililipenda jina hilo. Lilikuwa na harufu ya kwetu ndani yake.

Mama mkwe ni Msabato wa kuzaliwa. Mimi nilibatizwa Mkatoliki, lakini nilimfuata kanisani kwake kwa ajili ya amani ya nyumba, na mume wangu alinituliza kwamba Mungu ni yule yule, ila saa ndizo tofauti. Ijumaa ilikuwa siku ya maandalio, na kwa mama mkwe neno maandalio halikuwa mchezo. Kufikia saa kumi jioni chakula cha kesho kilikuwa kimepikwa, nguo zimepigwa pasi, mapipa yamejaa maji, viatu vimepakwa rangi na kupangwa mlangoni vikitazama barabara. Nyasi za nepia za siku mbili zilikatwa, zikasombwa, na zote, hadi jani la mwisho, zikatiwa kwenye hori kabla jua halijazama. Lundo lilikuwa kubwa kiasi kwamba ulimwona ng'ombe masikio tu. Kinyesi nacho kilizolewa Ijumaa jioni. Baada ya hapo koleo na panga viliegemezwa ukutani, na hakuna aliyevigusa hadi Jumamosi jua likizama.

Sasa ng'ombe hajui kupima. Ukimwekea cha leo na cha kesho, atakula vyote leo. Jumamosi alfajiri nilipoingia na ndoo, hori lilikuwa tupu kama limefagiliwa. Nilikama haraka, maana nilikuwa na kuoga na kuvaa, na safari ya kanisani ilikuwa ya miguu. Nilipomaliza tu, kabla sijatoka mlangoni, ng'ombe alikunja magoti, akalala chini na kupumua kwa nguvu, kama mtu aliyemaliza wiki.

Siku nyingine hakufanya hivyo. Siku nyingine tulikata nyasi asubuhi baada ya kukama, tukamwekea mbichi, naye akasimama akitafuna hadi saa mbili, saa tatu. Ila Sabato alilala. Mama mkwe ndiye aliyeligundua hilo, na aliligundua kwa furaha ambayo sijamwona nayo tena. Alisimulia kanisani. Aliwaambia akina mama wenzake kwamba hata ng'ombe wake anaijua Sabato, akishakamwa anapumzika bila kufundishwa na mtu. Siku moja mzee wa kanisa alimtaja ng'ombe wetu katika mahubiri, mfano wa mnyama anayemshinda binadamu kwa utii, na mama mkwe akainamisha kichwa ili watu wasimwone akitabasamu. Wageni waliokuja kula chakula cha mchana kwetu walipelekwa zizini kumtazama. Naye alikuwa pale pale, amelala juu ya kinyesi cha tangu jana, akicheua kwa heshima zote.

Nilicheka moyoni, lakini si kwa ubaya. Mjane aliyebaki na ng'ombe mmoja na mtoto mmoja anayefundisha mbali, acha afurahi. Na mimi mwenyewe, kusema kweli, niliona ni jambo zuri. Nilikuwa nimechoka, na kumwona kiumbe mwingine nyumbani akipumzika kulinifariji.

Kiwele cha ng'ombe kina vyumba vinne, na kati ya chumba na chumba hakuna mlango. Kila kimoja kina chuchu yake, na balaa ikiingia kimoja, vingine vitatu vinaweza kubaki salama. Jambo hili sikulijua wakati chumba cha kwanza kilipotuharibikia. Nilichoona ni Jumapili jioni, maziwa ya chuchu ya mbele kushoto yametoka na chembechembe nyeupe, kama makombo ya ugali kwenye maji. Nikadhani ni uchafu, nikachuja. Kufikia Jumanne upande ule ulikuwa mgumu kama gogo na wa moto, na ng'ombe alirusha teke nilipomgusa. Dawa ilipofika tulikuwa tumechelewa. Chumba kile kilikauka, na hakijatoa tone hadi leo.

Miezi michache baadaye, tena siku ya Jumapili, ikaja zamu ya chuchu ya nyuma kulia. Safari hii nilikuwa macho, nikakimbilia dawa siku ile ile, na chumba kikapona, ingawa maziwa yalipungua. Nilitarajia kuambiwa ahsante. Badala yake mama mkwe alinikuta uani asubuhi nikienda kukama, akanyoosha mkono akaichukua ndoo kutoka kwangu, taratibu, kama anayempokea mtu mzigo.

"Nyar Kosele," akasema, "pumzisha mkono wako."

Nyumbani tuliongea Kijaluo, na katika Kijaluo maneno yale ni laini zaidi ya yanavyosomeka hapa. Ndiyo maana yaliniuma. Angefoka ningejibu, maana mdomo ninao. Lakini alisema kama anayenihurumia. Baadaye ndipo nilipoelewa hesabu aliyokuwa ameipiga. Nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza ziwa langu moja lilivimba, likawa jekundu, nikashikwa na homa hata nikaweweseka. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyenikanda kwa kitambaa cha maji ya moto siku nne, akininyanyua mgongo ili mtoto anyonye, akinisihi nisiache kumnyonyesha hata kama nalia. Alinipenda siku zile. Sasa yeye alikuwa ameamua kwamba joto lile halikutoka mwilini mwangu, lilihamia mikononi, na kila nikishika chuchu ya ng'ombe naliacha huko. Alisema kuna mikono ambayo kiwele huikataa. Akasema pia kwamba chumba kingine kikifa, ng'ombe anakwenda kwa mchinjaji, kwa sababu hatafuga mnyama wa chuchu mbili aliyekuwa wa nne.

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa mbele yangu: ng'ombe kuchinjwa, na mimi kubaki nyumbani mwa watu nikiwa na mkono ulioua. Anayeolewa kwetu hujulikana kwa kazi ya mikono yake kuliko sura yake. Mama wa hoteli ya chai aliniuliza kwa nini siku hizi maziwa yanaletwa na mama mkwe, nikamwambia mgongo unaniuma. Kanisani nilianza kuona akina mama wawili watatu wakinitazama vidole. Hakuna aliyesema kitu, na mimi si mtu wa kuuliza, lakini nilijua habari ilishafika huko kabla yangu.

Wakati huo mama yangu mzazi akaugua malaria, nikaomba ruhusa kwenda Kosele kumtunza. Nilikaa siku kumi. Kule kwetu ng'ombe ni wa kienyeji, wenye nundu na chuchu ndogo ngumu. Ndama hutangulia kunyonya ili maziwa yashuke, mtu akakama kidogo kinachomtosha, ndama akarudishwa kumaliza, kisha kundi zima likafunguliwa kwenda malishoni. Nilikaa kizingitini kwa mama nikiwatazama wakipanda kilima, kila mmoja akitembea na kiwele chake kilichotoka kukamwa, na sikukumbuka hata siku moja utotoni mwangu ambapo ng'ombe wetu aliugua kiwele. Nikamweleza mama yote. Mama yangu ni mtu wa maneno machache. Alisema nivumilie, ng'ombe atasema mwenyewe.

Nilirudi Masara siku ya Jumanne. Uani hapakuwa na mtu. Nikaweka mzigo wangu, nikaenda zizini, nikamkuta mama mkwe ameinama ameupa mlango mgongo, kiganja chake kimeegemea kiwele cha ng'ombe upande wa nyuma kushoto. Kando yake palikuwa na bakuli. Ndani ya bakuli mlikuwa na maji ya manjano yenye vipande vipande. Hakunisikia. Alikuwa akiongea na ng'ombe kwa sauti ya chini, akimwomba, neno moja tu mara kwa mara: asayi, tafadhali, kama unavyombembeleza mtoto anayekataa dawa.

Nimeandika mengi ya kuwasema wengine, basi na hili niliandike. Nilifurahi.

Sikusema nilisikitika kidogo kisha nikafurahi. Furaha ilinijia yote, mara moja, kutoka miguuni. Siku kumi sikuwapo. Mkono uliokama ulikuwa wake. Nilimtazama yule mnyama amesimama na mguu mmoja umenyanyuliwa kwa maumivu, masikio yameanguka, chumba cha tatu kimevimba hata ngozi inang'aa, na wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba mikono yangu ni safi. Nikakohoa ili ajue nipo. Nikamuuliza ilianza lini, naye akajibu bila kugeuka kwamba ilianza Jumapili. Nikauliza tena, kana kwamba sikusikia. Nilitaka ajibu mara mbili.

Kesho yake asubuhi daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki kutoka Migori mjini. Alikuwa Mkuria, kwa hiyo ilibidi tuhamie Kiswahili, jambo ambalo mama mkwe hulifanya kwa shida na kwa adabu nyingi. Alikuwa kijana mtaratibu asiyependa kuonekana anajua. Alimkama kila chuchu matone machache kwenye sahani ya plastiki yenye visima vinne vidogo, akatia dawa ya maji yenye rangi, akaitikisa kwa mzunguko. Kisima cha chumba kilichokufa kilibaki kitupu. Viwili vikabaki maji. Cha nne kikaanza kuvutika, kikawa na ute kama apoth, ile mboga yetu ya mlenda ikishaiva.

Alituambia ute ule ni askari wa mwili. Wametoka kwenye damu, wakajipenyeza hadi kwenye maziwa kupigana na vijidudu, na dawa yake imewapasua ndiyo maana wanavutika. Vile vipande tunavyoona ni maziwa yaliyoganda pamoja na askari waliokufa. Joto na uvimbe ni vita yenyewe. Mama mkwe alimsikiliza kwa makini, akauliza kama ina maana ng'ombe hakuwa amekaa tu akingoja kufa. Daktari akasema hapana, anapigana tangu Jumapili, na anapigana vizuri, lakini maadui ni wengi na wanazaana upesi.

Kisha akachuchumaa, akashika chuchu moja nzima, akatuonyesha ncha yake. Hapa ndipo penye ulinzi mkubwa, akasema, kabla ya askari wote. Ndani ya tundu hili mna njia nyembamba, na kuizunguka mna msuli unaoibana kama kamba ya mfuko. Kuta za njia zimepakwa kitu kama nta. Kijidudu kikijaribu kupanda kinanasa kwenye nta, na nta yenyewe ina mafuta yanayokiua. Maziwa yakitoka yanasukuma nje nta ya zamani pamoja na vilivyonasa, na ng'ombe anatengeneza mpya. Hata akiacha kukamwa, akiwa na mimba, njia hiyo huzibwa kwa kizibo cha nta hadi azae. Alieleza haya kwa furaha, kama anayesifia fundi mmoja rafiki yake.

Nilijikuta namsikiliza kwa moyo wangu wote. Nilikuwa nimeshika chuchu zile mara mbili kwa siku kwa miaka, na sikuwahi kufikiri kwamba pale kwenye ncha mna mlango, na kwamba mlango una mlinzi. Tulidhani kiwele ni mfuko wa maziwa. Kumbe ni boma, lenye watu wake na kazi zao, na sisi ni wapita njia tunaobisha hodi asubuhi na jioni.

"Shida ni hii," daktari akasema. "Ukimaliza kukamua, ule msuli umechoka. Haufungi hapo hapo. Inaweza kuchukua nusu saa, saa moja, wakati mwingine hata zaidi. Saa hiyo mlango uko wazi. Sasa ng'ombe ikilala chini saa hiyo, kwa matope, kwa mavi, hao wadudu wanaingia tu bila kuulizwa. Ndiyo maana tunasema mpe chakula akishakamuliwa, asimame akikula." Akamtazama mama mkwe, kisha mimi. "Kuna siku hii ng'ombe huwa inalala mara tu mkimaliza?"

Nilijua mara moja, na nilipomtazama mama mkwe niliona kwamba naye amejua. Jumapili, Jumapili, Jumapili. Alikuwa ameshika mkia wa ng'ombe, na macho yake yalikuwa yameniangukia mimi. Hakuwa ananikataza kusema. Sijui alikuwa anataka nini. Nadhani alitaka apewe muda kidogo aseme mwenyewe.

Ulimi hauna mfupa. "Ng'ombe yetu inashika Sabato, daktari," nikasema. "Ikishakamuliwa inalala. Mama hupenda kuwaonyesha wageni."

Daktari alicheka. Hakuwa na kosa, alidhani ni utani wa nyumba ya watu wanaopendana. Alipoona hakuna aliyecheka naye, akakohoa, akafungua mkoba wake kutafuta dawa. Mama mkwe aliuachia mkia. Akajifunga leso upya, ingawa haikuwa imelegea, na akasimama akitazama hori. Nimewahi kuona watu wakitukanwa sokoni wasipepese jicho. Sikuwahi kumwona mtu akinyang'anywa kitu kwa maneno kama nilivyomnyang'anya yeye asubuhi ile.

Daktari alitia dawa kwenye chuchu, akatuagiza tukamue chumba kile mara nyingi kwa siku na kuyamwaga maziwa yake, tusinywe wala tusiuze hadi siku alizotaja zipite. Akaagiza pakavu pa kulala, kitambaa cha peke yake kwa kila chuchu, na nyasi baada ya kukama, si kabla. Akaondoka. Chumba kile kilipona kabla ya mwezi kwisha, na ng'ombe yupo hadi leo na chuchu zake tatu. Lakini asubuhi ile hatukujua kama kitapona.

Siku tatu mama mkwe hakuongea nami ila kwa lazima. Hakununa. Alikuwa kama mtu anayehesabu kitu kichwani na hataki kupotezewa hesabu. Alifanya yote aliyoagiza daktari, na usoni hakuonyesha lolote. Nami niliendelea kuwa na haki yangu, nikiibeba nyumbani kote kama mtungi kichwani, nikitembea wima. Nikikama chumba kigonjwa nilikumbuka wale ng'ombe wa Kosele wakipanda kilima. Watu wetu hawakujua habari za msuli wala nta. Walijua tu kwamba ng'ombe akishakamwa anakwenda kula. Mama mkwe naye alijua, siku sita za wiki. Siku ya saba alitaka kumheshimu Mungu kwa kumaliza kila kitu mapema, na mapema hiyo ndiyo iliyomponza. Nililiona hilo wazi. Niliona kwamba kosa lake lilitoka mahali pazuri kuliko lile langu. Lakini kuona ni kitu kimoja, kukiri ni kingine.

Ijumaa ikafika. Tulipika, tukapiga pasi, tukakata nyasi. Jioni mama mkwe alitia kwenye hori nyasi za usiku tu, nyingine akazipanga pakavu kando ya mlango, akazifunika gunia. Jumamosi alfajiri alinigongea mlango. Alikuwa na ndoo mkononi, akanipa. Nilipoingia zizini nilikuta pamezolewa, alfajiri ya Sabato, na koleo lilikuwa na maji ya kuoshwa. Nilikama. Nilipomaliza, yeye alifunua gunia akaanza kumpa ng'ombe nyasi, si kwa mzigo, kwa kukumbatia kidogo kidogo, akingoja amalize ndipo aongeze, ili asishibe mapema akalala. Alikuwa ameshavaa gauni lake la kanisani na juu yake kanga chakavu. Nikaenda kuoga, nikarudi, bado amesimama. Ng'ombe alipoanza kukunja goti, alimgusa begani, akamwambia bado, bado. Nilimwambia atangulie kanisani, mimi nitabaki. Akatikisa kichwa.

Tulichelewa. Shule ya Sabato ilikuwa imekwisha tulipoingia, na mama mkwe, ambaye kwa miaka yote kiti chake kilikuwa cha mbele, alikaa nyuma pamoja nami karibu na mlango. Watu waligeuka. Ulipofika wakati wa ushuhuda alisimama wa kwanza, na nikadhani anakwenda kuomba wamwombee ng'ombe.

"Niliwaambia ng'ombe wangu anashika Sabato," akasema. "Hakuwa anashika Sabato. Hori lilikuwa tupu, akalala. Nilimlisha kwa saa yangu, si kwa saa yake, na akaumia, na chumba kimoja kikafa. Nikasema ni mkono wa mke wa mwanangu. Nilimwambia yeye, na wengine wenu niliwaambia. Mkono wake ni safi. Nilimkosea, na naomba anisamehe mbele yenu kwa sababu nilimsema mbele yenu."

Akakaa. Mtu mmoja akasema amina, kisha wengine. Mama aliyekaa mbele yetu aligeuka, akanishika goti, macho yake yamejaa machozi, akaniambia pole, nyar Kosele, pole kwa yote uliyovumilia. Wengine walikuwa wakinitazama hivyo hivyo, kwa ule upole anaotazamwa nao mtu aliyeonewa. Nikaitikia kwa kichwa. Mama mkwe alikuwa amekaa kando yangu, mikono mapajani, na kwenye ukosi wa gauni lake palikuwa na jani moja la nepia ambalo sikuthubutu kulitoa.

Mzee wa kanisa aliuliza kama kuna mwingine mwenye neno. Nilikuwa nalo: furaha yangu siku ile zizini, na ulimi wangu mbele ya daktari. Alingoja, akatazama huku na huku, macho yake yakapita kwangu. Nikafungua kitabu cha nyimbo, nikaanza kutafuta wimbo ambao hakuna aliyekuwa ameutaja.